Binti Yako Anataka Kuwa Injinia: Ushauri kwa Matsangoni na Jirani Zake

Swali ni moja, ila huja kwa sauti tofauti. Mama wa Matsangoni, hapa Kilifi, huuliza kama msichana akisomea uinjinia atapata kazi kweli. Baba wa Roka huuliza kama si afadhali asomee ualimu au uuguzi, kazi zinazojulikana. Binti mwenyewe, ambaye mara nyingi huuliza kwa kunong'ona mbali na wazazi, anataka kujua aanzie wapi. Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Leo nawajibu wote pamoja.

Anaweza. Na wengi wanaoikosa kazi hii hawaikosi kwa ugumu wa hesabu. Wanapotea mahali pachache panapojulikana: siku ya kuchagua masomo, siku ya kuchagua chuo, kwenye atachimenti (mafunzo ya kazini), na pale mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kila mahali hapo pana uamuzi, na mara nyingi uamuzi huo hufanywa haraka na watu wengine, binti akiwa jikoni au ameenda kuteka maji. Ninachowaomba ni kuulinda kila uamuzi kwa wakati wake.

Wala tusidhani kwamba ni sisi wa Kilifi tu tulioachwa nyuma. Ripoti ya sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba duniani kote wanawake ni asilimia 28 tu ya wanaohitimu uhandisi. Kwetu pengo limezidi kwa sababu ya umbali, ada na mila, na hayo yote yana njia ya kuyakabili.

## "Lakini kazi zenyewe ziko Nairobi"

Haya ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi, nayo si kweli. Tazama ukanda wetu:

- Daraja la Kilifi pale Mnarani, tunalolipita tangu 1991, linahitaji watu wa kulikagua na kulitunza.
- Maji ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa yanasukumwa kutoka Baricho, kwenye mto Sabaki. Hapo pana visima, pampu na mabomba ya kilomita nyingi.
- Langobaya, nje ya mji wa Malindi, kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 52 ulioanza kuzalisha umeme 2021.
- Kuna viwanda vya chumvi Gongoni na Marereni, saruji Vipingo, mabati Mariakani, na bandari nzima ya Mombasa.

Ngomeni nako kuna habari ambayo watoto wetu wangepaswa kufundishwa darasani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya X kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu ilipaa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kupata digrii ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Kazi yake ilifanyika hapa pwani yetu, mwendo mfupi kutoka Malindi.

Na wadi ya Matsangoni yenyewe imeonja uzito wa jambo hili. Serikali ilipoitaja Uyombo kama mahali panapofaa kujengwa kinu cha nyuklia, wavuvi na wakulima walijikuta wakijadiliana na wataalamu wenye ramani na ripoti nene. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga. Mimi sitaki kumwambia mtu aunge mkono upande gani. Ninachosema ni kwamba kijiji chenye mabinti na vijana wanaoweza kuisoma ripoti ya athari za mazingira ukurasa kwa ukurasa, na kuuliza maji ya kupoozea mtambo yatamwagwa wapi, kinasikizwa kwa namna nyingine kabisa.

## Njia si moja

Kosa kubwa la wazazi ni kudhani kuna mlango mmoja, chuo kikuu, na usipofunguka basi binti amefeli. Iko milango minne, na mtu anaweza kuingia kwa wa chini akapanda:

1. Fundi. Kozi za kiwango cha 4 hupokea hata aliyepata alama za chini kabisa katika KCSE. Anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani: gredi ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza.
2. Fundi wa cheti. Hiki ni kiwango cha 5, kwa aliyepata D au zaidi.
3. Teknishani. Hii ni diploma, kiwango cha 6, kwa aliyepata C- au zaidi.
4. Injinia. Ni digrii, kwa kawaida miaka mitano. Kigezo cha chini cha chuo kikuu ni C+, na kwa uhandisi huangaliwa hasa Hisabati, Fizikia na Kemia. Alama za kushindania nafasi huwa juu zaidi ya hapo.

Niseme wazi ninavyoamini: teknishani wa umeme mwenye diploma na mikono iliyozoea kazi ana maisha mazuri kuliko mwenye digrii isiyotambuliwa. Msiidharau diploma. Binti aliyeingia kwa diploma anaweza kuendelea hadi digrii akiwa tayari na kazi, na sehemu ya ada akajilipia mwenyewe.

## Siku ya kuchagua masomo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wasichana walio katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, wameshachagua. Kama binti yako bado yumo na anasoma Fizikia, kazi yako ni kuhakikisha haiachi katikati. Kama aliiacha zamani, mlango wa digrii ya uhandisi umekuwa mgumu sana, lakini mlango wa diploma na ufundi bado uko wazi kwa kozi kadhaa. Ulizeni chuo kwa chuo kabla ya kukata tamaa.

Kwa walio chini yao, uamuzi hufanyika Gredi ya 9, kabla ya kuingia sekondari pevu. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Mwanafunzi huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, ambao wengi wanauita STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Anayetaka uinjinia hana budi kuwa STEM. Angalieni haya:

- Hisabati zimekuwa aina mbili. Iko Hisabati kamili ya wanafunzi wa STEM, na iko ile nyepesi ya mikondo mingine. Anayechukua nyepesi ameufunga mlango wa uhandisi kwa mkono wake, hata kama gredi zake zitakuwa nzuri kiasi gani.
- Mchanganyiko wa masomo una uzito kuliko jina la shule. Shule yenye sifa ambayo haifundishi mchanganyiko wenye Fizikia haimfai. Ombeni orodha ya masomo ya kila shule kabla ya kuijaza.
- Maabara. Nendeni mkaione kwa macho. Ulizeni mwalimu wa Fizikia yupo au somo hilo hufundishwa na mwalimu wa kuazima. Maswali haya hayana utovu wa adabu. Mzazi ana haki ya kuyauliza.
- Msijaze fomu bila binti. Wako wazazi wanaojaza usiku, wanairudisha asubuhi, naye anasikia mkondo wake kutoka kwa mwalimu.

Mwalimu akikwambia "huyu ni msichana mzuri wa lugha", muulize kwa heshima: alama zake za hesabu kwa mihula mitatu iliyopita ni zipi? Zikiwa za wastani na zinapanda, mpe nafasi. Wavulana wenye alama hizo hizo husukumwa mbele bila mtu kujiuliza mara mbili.

Nyumbani nako kuna kazi. Binti anayetakiwa kupika, kuteka maji na kulea wadogo zake kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku hawezi kushindana na mwenzake wa bweni. Gawanyeni kazi na ndugu zake wa kiume. Mpeni saa mbili za taa kila jioni, ziheshimiwe kama saa za ibada. Na msimruhusu kukesha kwenye disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye msiba. Wote tunajua wasichana wangapi wa Kilifi masomo yao yamekatika kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo.

## Kuchagua chuo bila kuchezewa

Nafasi za vyuo vya umma hugawanywa na KUCCPS, za digrii na za vyuo vya ufundi. Pwani tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Kenya Coast National Polytechnic huko huko Mombasa. Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, chenye uhandisi wa madini. Vyuo vya ufundi vya kaunti viko karibu zaidi na nyumbani, na ada zake ni nafuu. Wanaokwenda mbali hupelekwa Juja, Nairobi, Nyeri au Eldoret.

Kabla ya kukubali nafasi:

1. Uliza Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK) kama digrii hiyo, kwa jina lake kamili, imetambuliwa. Usikubali kuambiwa "inashughulikiwa". Wahitimu zaidi ya 100 waliokataliwa kusajiliwa kwa sababu ya jambo hili walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ilitoka mwaka 2018. Walishinda, lakini miaka yao ya ujana ilikwishapita wakisubiri.
2. Soma jina la kozi kwa makini. Digrii ya uhandisi si sawa na digrii ya teknolojia ya uhandisi. Mwenye ya pili husajiliwa kama teknolojisti na KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo ndiyo pia huwasajili mateknishani na mafundi. Ni kazi ya heshima. Tatizo ni kuifahamu tofauti hiyo ukiwa mwaka wa nne.
3. Kwa kozi za ufundi, hakikisha chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.
4. Uliza kuhusu mabweni ya wasichana na usalama wa njia usiku. Msichana anayepanga chumba mbali na chuo, anayetegemea bodaboda saa mbili usiku, ataanza kukosa vipindi vya maabara vya jioni.

Ada: omba mkopo wa HELB, ambao huwafikia hata wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Omba basari ya NG-CDF na ya kaunti. Fomu za basari hufungwa mapema na hazimsubiri mtu, kwa hiyo tuma mtu ofisi ya wadi kuuliza tarehe, na uweke nakala za kitambulisho cha mzazi, barua ya kuitwa chuoni na karatasi za matokeo kwenye bahasha moja tayari.

## Atachimenti: hapa ndipo kazi inapopatikana au inapopotea

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kuandika, ningechagua hii. Mvulana akienda atachimenti hupewa spana. Msichana, mara nyingi sana, hupewa daftari la mahudhurio ya vibarua, au hutumwa chai. Miezi mitatu inapita, anarudi chuoni na barua nzuri ya sifa na mikono isiyojua kitu. Halafu kwenye usaili anaulizwa amewahi kufunga mota ya awamu tatu, ananyamaza, na watu wanasema wasichana hawawezi.

Hatua za kufuata:

- Anza kuomba miezi mitatu hadi sita kabla. Usingoje chuo kikutafutie. Andaa barua ya chuo, bima ya ajali, nakala ya kitambulisho na wasifu wa ukurasa mmoja. Nenda mwenyewe: kampuni ya maji, kampuni ya umeme, ofisi ya barabara ya kaunti, viwanda, hoteli kubwa za Watamu ambazo zina majenereta, mitambo ya kusafisha maji na vyumba baridi. Hoteli husahaulika, na kazi ya matengenezo huko ni shule nzuri.
- Siku ya kwanza, taja unachotaka kujifunza. Andika mambo matano, mpe msimamizi nakala. Kwa mfano: kusoma michoro, kupima kwa vifaa vya umeme, kubadilisha beringi, kumwaga zege kwa vipimo, kupima ardhi. Msimamizi mwenye karatasi mkononi hukukumbuka.
- Omba kuzungushwa katika idara zote, pamoja na ile ya zamu za usiku ikiwa usafiri wa kukurudisha umepangwa. Ukikataa zamu moja kwa moja, watasema umejitenga. Ukikubali bila usafiri, umejihatarisha.
- Jaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni, siyo kila mwezi. Andika ulichofanya kwa mkono wako, vipimo, kosa lililotokea na lilivyorekebishwa. Lisainiwe kila wiki.
- Ukitumwa chai wiki nzima, mwambie msimamizi kwa utulivu: "Mzee, nimefurahi kusaidia, lakini kitabu changu cha wiki hii hakina kazi. Kesho naomba niwe na fundi wa pampu." Ikiendelea, mwite mwalimu wa chuo anayesimamia atachimenti. Ndiyo kazi yake.

Heshima kwa mafundi wakongwe itakufikisha mbali. Fundi aliyekaa kazini miaka thelathini bila digrii anajua mambo ambayo hayamo vitabuni. Mwite mzee, mbebee kifaa chake, muulize. Wengi wao wana mabinti, na ukiwaonyesha nia watakufundisha kama mtoto wao. Lakini heshima isigeuke unyonge: kuitwa "mrembo" mbele ya kikosi kizima si jina lako. Sema mara moja, bila hasira, "Mimi naitwa fulani," kisha endelea na kazi.

## Mavazi, choo na siku za hedhi

Wazazi Waislamu wananiuliza kama kazi hii inapatana na stara. Inapatana. Ovaroli pana la mikono mirefu juu ya suruali linasitiri vizuri. Hijabu iwe fupi, ya kitambaa kisichoteleza, imechomekwa ndani ya kola, na helmeti ikae juu yake. Buibui, leso na mtandio unaoning'inia haviruhusiwi karibu na mashine inayozunguka: mkanda au drili hunasa kitambaa na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Hapo hakuna mjadala. Na nywele ndefu au rasta zifungwe nyuma.

Buti na glavu ziwe za kipimo chako. Buti kubwa humwangusha mtu kwenye ngazi. Sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi, na pawe na vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Ukifika eneo la ujenzi lisilo na choo cha wanawake, uliza siku ya kwanza. Wasichana wengi hujizuia kunywa maji mchana kutwa kwenye jua letu hili, wakapata maradhi. Beba pedi za akiba, mfuko wa kutupia na kitambaa cha kubadilisha. Hedhi si sababu ya kukosa kazi wala si jambo la kuombea radhi.

## Ukisumbuliwa

Rushwa ya ngono ipo vyuoni na kazini. Sitaificha. Mhadhiri anayetaka "muonane" ndipo akuonyeshe alama, msimamizi anayekataa kusaini kitabu mpaka umtembelee, wote wawili wanavunja sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza usumbufu wa kingono na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaufanya kuwa jinai.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

1. Kataa kwa maneno machache yaliyo wazi. Usicheke ili kupooza mambo.
2. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno, nani alikuwapo. Hifadhi jumbe zote za simu, usizifute hata zikikutia kichefuchefu.
3. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu, imamu au mchungaji mwenye busara.
4. Peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.
5. Ukiguswa au kutishwa, nenda polisi kwenye dawati la jinsia, au piga 1195, simu ya bure ya nchi nzima ya masuala ya ukatili wa kijinsia. Aliye chini ya miaka 18 apige 116. Ukibakwa, hospitali kwanza, bila kuoga wala kufua nguo, na ndani ya saa 72.

Wazazi, nawasihi: binti akija na habari hizi, neno lenu la kwanza lisiwe "ulivaa nini?" Na msikubali kumalizia nje kwa fidia ya mbuzi au pesa. Mkosaji hubaki kazini pale pale, na msichana wa mwaka unaofuata humkuta.

## Mimba, ndoa na mtoto wa kwanza

Msichana akipata mimba shuleni, hafukuzwi. Sera ya kumrudisha shuleni ipo tangu 1994, na mwongozo wake ulifanywa upya 2020. Mwalimu mkuu akikataa, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Panga mapema nani atakaa na mtoto. Nyanya wengi wa Matsangoni wamewarudisha mabinti zao shule kwa njia hii, na wanastahili shukrani kubwa kuliko wanayopata.

Kwa aliye kazini, sheria inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka pia mahali pa kunyonyeshea kazini. Mwarifu mwajiri kwa maandishi mapema ikiwa unafanya kazi na kemikali, rangi za kunyunyizia, uchomeaji au vifaa vya mionzi, ili ubadilishiwe kazi.

Liko jambo moja wahandisi wachanga hulisahau. Ukimaliza digrii, EBK hukusajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha unahitaji angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi, ripoti na usaili, ndipo uitwe mhandisi kamili. Wanawake wengi huolewa na kuzaa katika miaka hiyo mitatu, na faili linabaki nusu. Kabla ya likizo, pata saini za kazi zote ulizokwisha fanya, maana msimamizi anaweza kuhama. Ukirudi, endelea pale pale. Na muungwana anayetaka kukuoa aambiwe mapema kwamba kazi hii ina safari na zamu. Anayeshtuka wakati wa posa ni heri kuliko anayeshtuka baada ya mtoto wa pili.

## Majibu mafupi kwa pingamizi za kila siku

"Ni kazi ya nguvu." Vizito huinuliwa na winchi na kreni, na hata mwanaume anayeinua kwa mgongo anafanya makosa. Winnie Byanyima wa Uganda alisomea uhandisi wa ndege Manchester, akafanya kazi ya uhandisi katika shirika la ndege la Uganda, na leo anaongoza UNAIDS.

"Hakuna ajira." Ajira ni chache, ni kweli. Kwa hiyo binti asingoje barua. Omba mafunzo ya kazi ya Tume ya Utumishi wa Umma. Au mjiunge watatu wanne, msajili kampuni, mpate cheti cha ukandarasi cha NCA, mamlaka ya ujenzi, kwa daraja la chini, kisha mwombe zabuni chini ya mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tahadhari: usikubali mwanaume atumie jina lako kupata zabuni akakuachia madeni.

"Mimi nimeshapita umri, niliacha shule." Tazama Zanzibar. Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot huwafunza wanawake wa vijijini, wakiwemo mama wa watoto wengi ambao hawakusoma sana, kuunda, kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua, na wa kwanza wao walipelekwa kusomea India. Kwa aliyejifunzia kazi mtaani hapa kwetu, mtihani wa NITA humpa cheti bila kurudi darasani miaka mitatu. Mama anayejua kutengeneza pampu ya kisima cha Matsangoni ana ujuzi. Kinachokosekana ni karatasi, na karatasi hiyo inapatikana.

## Ombi kwa waliokwisha kuvuka

Wahandisi na mateknishani wanawake mlioko Kilifi, Malindi na Mombasa, tunawahitaji. Msituletee hotuba za siku ya wageni peke yake. Ofisi yenu ikipokea wanafunzi wa atachimenti mwaka huu, ombeni nafasi moja ipewe msichana kutoka wadi hizi, mmsimamie ninyi wenyewe, na mhakikishe anaondoka akiwa ameshika spana.